Kibuyu cha Mgeni

Kinyangiri,
18 Februari 2024

Mpendwa Philipo,

Marahaba. Shikamoo uliyomtuma Mzee Chediel aniletee imefika. Ningefurahi zaidi kama ungeiandika kwa mkono wako, lakini nimeipokea. Huku mvua imenyesha vizuri tangu mwaka mpya. Alizeti zimesimama, na ng'ombe wawili wa baba yako wamezaa, hivyo maziwa ni mengi. Kwaya ya akina mama imenichagua tena kuwa mwenyekiti ingawa nilikataa hadharani. Msalimie mkeo Faith na mtoto Noel.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mzee Chediel ameniambia kwamba umempigia simu ukimwomba aitishe kikao cha ukoo, na kwamba hoja ya kikao hicho ni tumbo langu. Philipo, tumbo ni langu. Nimekaa nalo miaka sitini na minne bila kuliitishia kikao. Ameniambia pia unachokitaka: kikao kiamue kwamba Jenifa, mke wa baba yako, ananitilia kitu katika chakula, na kwamba arudishwe kwao Iguguno.

Nakuandikia barua kwa sababu simu hapa hushika mtandao kule kilimani tu, penye wachunga mbuzi, na mimi siwezi kusimama juu ya jiwe nikipaza sauti kuhusu choo changu. Kwa hiyo soma polepole.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, niliharisha vibaya wiki nzima. Tangu hapo tumbo langu si lile nililolizoea. Linajaa gesi, linasokota, na mara nyingine hunilazimu kutoka kanisani kabla ya sadaka. Zahanati walisema taifodi, nikameza dawa. Niliporudi wakasema taifodi tena. Nikaenda duka la dawa, nako wakasema ni vidonda vya tumbo. Nilimwuliza yule kijana: "Umepima?" Akanijibu: "Bibi, dalili zinajieleza." Nikamwambia: "Dalili hazijielezi. Huelezwa na mtu aliyezisomea." Nikaondoka bila vidonge vyake.

Nimeamua kwenda hospitali mjini Singida. Mpaka nipate jibu, sitaki mtu yeyote ataje jina la mtu yeyote. Nimekula kwa Jenifa kila Jumapili tangu alipoolewa, na nitaendelea kula.

Shangazi yako,
Magreth

Manyoni,
1 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata kwa Kefa wa basi la Iguguno. Sisi hatujambo. Faith anashona sare za shule, hana nafasi hata ya kula. Noel ameota meno na anang'ata kila kitu, juzi kaning'ata mimi. Gereji inakwenda, pikipiki za Manyoni haziishi kuharibika.

Shangazi, nisamehe, ila siwezi kunyamaza. Hebu tuhesabu pamoja kama ulivyokuwa unatufundisha. Unaugua siku gani? Jumapili jioni na Jumatatu. Jumapili mchana unakula wapi? Kwa yule mwanamke. Mezani mko wangapi? Mko wengi, lakini wengine hawaugui. Baba haugui. Mnakula ugali wa chungu kimoja na mboga ya chungu kimoja. Kitu kimoja tu ndicho chako peke yako: kibuyu. Wengine wote wanakunywa maziwa ya mgando ya pamoja. Wewe unaletewa kibuyu chako, kimefunikwa, kutoka chumbani. Kwa nini chako kinatoka chumbani?

Najua utasema ni heshima, kwamba mgeni mkubwa hupewa maziwa ya asubuhi ile ile ambayo hayajaganda. Nami nasema mtu akitaka kumdhuru mwenzake huchagua mlango wa heshima, maana mwenye kuheshimiwa hakagui.

Kikao kimeshapangwa Jumatatu ya Pasaka nyumbani kwa Mzee Chediel. Nitakuja mwenyewe. Wewe sema neno moja tu, maana wewe ndiye dada mkubwa wa baba na bila neno lako hakuna atakayethubutu.

Kwa sasa jilinde. Nimempa Kefa kopo la maziwa ya unga. Kila mtu anajua maziwa yanakata sumu. Ukisikia tumbo limeanza tu, koroga kikombe kikubwa, unywe chote.

Mwanao,
Philipo

Kinyangiri,
20 Machi 2024

Mpendwa Philipo,

Marahaba. Nimefurahi kusikia Noel ana meno. Mpeni kipande kikubwa cha muwa asichoweza kukimeza. Baba yako ameumia kidole kwa jembe lakini anaendelea vizuri. Jenifa alimfunga kitambaa. Nimeandika jina lake, nawe katika barua ijayo utaliandika. "Yule mwanamke" si jina la mtu.

Kopo lako limefika. Wiki ile sikwenda kwa baba yako Jumapili, kwa sababu mvua ilifunga njia ya korongoni. Nilikaa kwangu, nikapika mwenyewe, nikala peke yangu. Jumatatu tumbo lilikuwa tulivu kabisa. Jumanne likanisokota kidogo, kwa sababu ya maharage nadhani, nami nikakumbuka maagizo yako. Nikakoroga kikombe kikubwa, nikanywa chote, kama ulivyosema.

Philipo, sikupata kuugua namna ile tangu Agosti. Nilishinda njiani kati ya kitanda na choo. Na kwa kuwa nilikuamini, kila nilipozidiwa nilikoroga kikombe kingine. Jenifa hajakanyaga kwangu tangu Januari. Kopo lilifungwa kiwandani, likatoka mkononi mwako, likaja kwa basi. Sasa hesabu tena. Kama kuna mtu ananilisha sumu, kwa ushahidi uliopo jina lake ni Philipo, fundi pikipiki wa Manyoni.

Baada ya hapo nilikwenda Singida. Nilionwa kwanza na bwana mmoja ambaye hakuinua uso. Aliniuliza: "Bibi, una mawazo?" Nikamjibu kwamba kila mwenye kichwa ana mawazo. Akaandika dawa. Nikamwambia sitaondoka kwenye kiti kile mpaka mtu aniulize maswali. Akasema kuna foleni. Nikasema naiona, nami ni sehemu yake. Mwisho akaenda kumwita daktari mwingine, labda ili anitoe.

Huyo mwingine ni binti, Daktari Eliana. Alikaa. Akaniuliza kama nimepungua uzito, kama nimeona damu, kama maumivu huniamsha usingizini, nakula nini, wapi, na saa ngapi naugua. Nikamsimulia kibuyu, nikamsimulia na kopo. Hakucheka, ingawa midomo yake ilitaka. Alisema watu wazima wengi huishiwa nguvu ya kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa, na kwamba kuharisha kama kule kwa Agosti kunaweza kuliacha tumbo likiwa jepesi kushtuka. Mgando hunisumbua kidogo au haunisumbui, kwa sababu sehemu ya sukari hiyo huliwa wakati maziwa yanaganda. Amenikataza maziwa yasiyoganda kwa muda, ili tuone. Alikataa kunipa jibu la mwisho siku ile. Kwa umri wangu, alisema, lazima kwanza ajiridhishe kwamba hakuna kitu kibaya zaidi. Kwa hiyo amepima damu na choo, na ameniandikia kwenda Dodoma kwa kipimo kingine.

Ahirisha kikao. Nakuomba mara moja, sitarudia.

Shangazi yako,
Magreth

Manyoni,
26 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Kefa ananisubiri hapa, naandika kwa haraka.

Kopo huenda liliingia joto njiani. Madaktari wanajua ya kwao, lakini kuna mambo hayaonekani kwenye vipimo. Kikao kipo palepale. Wazee wameshaarifiwa, na Baba ameshaambiwa.

Unasema tungoje Dodoma. Shangazi, mama yangu naye alianza na tumbo. Wote mlisema tungoje. Alingoja mpaka akawa mwepesi kama Noel alivyo sasa. Mimi ndiye niliyembeba kumpeleka barabarani. Sitangoja mara ya pili.

Usile kule Jumapili ya Pasaka.

Philipo

Kinyangiri,
14 Aprili 2024

Mpendwa Philipo,

Salamu. Sisi wazima. Mahindi ya mapema yameanza kuchomwa. Kidole cha baba yako kimepona.

Ulisema utakuja. Hukuja, wala hukutuma neno. Kwa kuwa kikao kilikuwa chako, nakuandikia kilivyokwenda, usije ukakisikia kutoka kwa watu wengine.

Jumapili ya Pasaka nilikula kwa Jenifa. Nilimwambia tu kwamba daktari amenikataza maziwa yasiyoganda, akanipa mgando wa pamoja na wengine. Sikuugua.

Jumatatu tulikaa uani kwa Mzee Chediel. Walikuwepo wanaume wote wa ukoo wanaoweza kutembea. Baba yako alikaa mwisho wa benchi akitazama viatu vyake. Jenifa alikaa chini karibu na mlango wa jiko, kwa sababu aliambiwa aje asaidie kupika. Hakuna aliyemwambia kikao kilihusu nini.

"Magreth," Mzee Chediel akaanza, "sisi hatumtuhumu mtu. Tunauliza tu."

"Ulizeni."

"Kuna mtu unayemshuku?"

"Yupo."

Vichwa vyote vikainuka. Hata baba yako akaacha viatu vyake.

"Nani?"

"Ng'ombe."

Wachache wakacheka. Mzee Chediel hakucheka. Alisema kikao si mahali pa mzaha, na kwamba Philipo ameeleza habari za kibuyu kinachotoka chumbani kwa Jenifa. Alilitaja jina mbele yake mwenyewe. Nilimwona Jenifa akiweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi.

Basi nikasimama. Nikamwambia Mzee Chediel alete maziwa ya ng'ombe wake, yaliyokamuliwa na mke wake asubuhi ile.

Akasita. "Na ukiugua hapa kwangu?"

"Ndicho ninachokitaka."

Daktari asingeniruhusu, kwa hiyo sikumwuliza. Nilikunywa kibuyu kizima mbele yao, nikakigeuza waone ni kitupu. Nikasema: "Sasa kaeni. Kikao hakijafungwa." Wakakaa. Wakazungumza habari za alizeti. Wakazungumza habari za barabara. Kisha tumbo langu likaanza kuunguruma, na mzee mmoja akatazama juu akidhani ni mvua. Nikangoja mpaka wote wamesikia vizuri. Halafu nikapita katikati ya wanaume wa ukoo wangu, ambao nusu yao niliwafundisha kusoma, nikaenda chooni mbio nikiwa nimeshika gauni kwa mikono miwili. Nikarudi. Nikaenda tena. Aibu niliiacha nyumbani siku ile kwa makusudi.

Niliporudi mara ya mwisho, Mzee Chediel alisema: "Kwa hiyo na sisi tumekulisha sumu?"

"Niambieni ninyi. Kama Jenifa ni mwuaji, mkeo ni nani? Na Philipo aliyeniletea kopo ni nani? Au wanawake wa watu wengine ndio wauaji, na wa kwenu wanakosea tu?"

Wakacheka ili wamalize, wakasema jambo limekwisha, chakula kiletwe.

Jenifa hakucheka. Alimaliza kumenya viazi vilivyobaki, akanawa, akaondoka. Kesho yake alichukua begi moja akaenda kwao Iguguno. Baba yako alisimama mlangoni. Hakumzuia wala hakumsindikiza. Kwa hiyo umepata ulichokitaka, Philipo, ingawa si kwa neno langu. Jina lake limesafishwa na jiko lake ni la baridi.

Wiki ijayo nakwenda Dodoma.

Magreth

Manyoni,
12 Mei 2024

Shangazi,

Shikamoo. Nimechelewa kuandika. Faith hajambo. Noel amesimama peke yake kwa kushika tairi hapa gereji, amepakaa oili mpaka masikioni.

Siku ile nilifika stendi ya Singida. Basi la kuja huko lilikuwa linajaza abiria, na kondakta alinishika begi. Nikalichukua begi langu nikarudi Manyoni. Usiniulize kwa nini.

Nilisoma habari ya kibuyu cha Mzee Chediel. Faith alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilicheka baadaye.

Naomba unijulishe majibu ya Dodoma. Na nina swali moja, ulipeleke kwa huyo daktari wako. Mama angefika kwake mapema, akakaa kwenye kile kiti kama wewe, akakataa kuondoka. Je, angepona? Kama jibu ni ndiyo, usiniandikie.

Nisalimie Baba. Na Jenifa, akiwa amerudi.

Philipo

Kinyangiri,
9 Juni 2024

Mpendwa Philipo,

Marahaba. Alizeti tumevuna, zimeanikwa uani na kuku hawana adabu. Baba yako amekusikia. Nilimsomea salamu zako. Aliniomba nimsomee tena.

Kipimo cha Dodoma sitakieleza kwa mtoto wa kaka yangu. Inatosha ujue kwamba walitazama kila mahali na hawakuona uvimbe wala kidonda. Daktari Eliana alinitajia jina refu la ugonjwa, nikamwambia alirudie kwa Kiswahili. Akasema matumbo yangu yana afya, ila yana ukali: yanashtuka kwa chakula ambacho ya mwingine yangekipokea kimya, na yanashtuka zaidi nikiwa na hasira. Hayatapona kwa kidonge kimoja. Maziwa yasiyoganda niyaache. Maharage na vitunguu nipunguze, nijaribu kimoja kimoja nione. Nile kwa saa zangu. Nikibadilika uzito au nikiona damu nirudi mbio. Nilimwuliza kama naweza kupunguza hasira. Akasema nijaribu. Nimejaribu, nimeshindwa, lakini nalala vizuri.

Swali lako nililipeleka kama ulivyoliandika. Daktari Eliana alisema hawezi kumsemea mgonjwa ambaye hakumwona. Hilo ndilo jibu. Si ndiyo wala si hapana, na najua kwamba halitakulaza usingizi. Utalibeba hivyo hivyo, nami ninalibeba. Lakini mama yako hakulishwa kitu na mtu. Jenifa alipovuka kizingiti cha nyumba ile, kaburi lilikuwa limeshaota nyasi.

Nilikwenda Iguguno. Mama yake Jenifa alinipa kiti akaniacha nikae nacho. Jua lilipoanza kushuka ndipo Jenifa alipotoka.

"Wifi, umekuja kunipima tena?"

"Nimekuja kukuomba urudi."

"Ulijua kikao kinahusu nini?"

"Nilijua. Nilipinga tangu Februari."

"Ulimpinga nani? Mimi hukuniambia. Kila Jumapili ulikuwa unakula kwangu, unanitazama, unajua wanavyonisema, na unaniambia mboga ni tamu."

"Mboga ilikuwa tamu."

"Na mimi nilikuwa nikirudi jikoni nacheka peke yangu kwa furaha. Nilidhani nimependwa."

Nilipinga watu wengi mwaka huu, Philipo, na kwa wote nilipata jibu la kuwapa. Kwake sikulipata. Nilimwambia kwamba tumbo lilikuwa langu na aibu wakampa yeye, na kwamba hilo sikulikubali wala sitalikubali. Nikaondoka.

Alirudi mwenyewe baada ya wiki mbili, kwa miguu yake, akafungua jiko. Jumapili nilikwenda. Alipakua ugali wa mtama, mlenda na mgando, vyote mbele yetu, hakuna kilichotoka chumbani. Kisha, kabla sijanawa, alichota kijiko cha mgando wangu akakipeleka kinywani mwake, ili nione kwamba ameonja.

Nikamshika mkono. Kijiko kikabaki hewani na mgando ukadondokea mkeka. Baba yako akatazama pembeni.

"Katika nyumba hii huonji," nikamwambia.

"Kwako sawa. Na Philipo akija?"

Nikamwambia nitakuuliza. Sasa nimekuuliza. Jibu usimpe Kefa alete. Panda basi uje ulitoe mwenyewe, mezani kwake, ukiwa umeshanawa mikono.

Shangazi yako,
Magreth